Kabla Wadi Yako Haijanunua Gimbali

Mada iliyotolewa na afisa wa habari wa kaunti katika mafunzo ya wasimamizi wa wadi na vijana wanaorekodi shughuli za mashinani, mjini Machakos. Salamu za itifaki zimefupishwa.



Nimeombwa nizungumzie gimbali, kile kishikizi chenye mota kinachozuia picha isitikisike. Wengi wenu mmeuliza ni ipi ya kununua. Nitajibu, lakini kwanza niruhusuni niwasimulie kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifundisha zaidi ya duka lolote.

Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijaajiriwa na kaunti, nilikuwa napiga video kwa mkataba. Shirika moja lilinituma nikaonyeshe barabara ya murramu iliyokuwa imepitishwa greda hapa Ukambani. Nilikuwa nimenunua gimbali yangu ya kwanza wiki hiyo na nilitaka kila mtu aione kazi yake. Nikapanda nyuma ya pikapu, dereva akaenda polepole, nikarekodi kilomita mbili. Tulirushwa huku na huku, goti langu likachubuka kwenye chuma, lakini picha ilitoka laini kama maziwa yaliyomiminwa kwenye kibuyu. Nilifurahi sana.

Video hiyo ilionyeshwa katika mkutano wa hadhara. Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Mama mmoja aliyekuwa ameketi kwenye nyasi akainuka, akasema: "Kijana, hiyo barabara iliyo ndani ya simu yako ndiyo tunayoitaka. Utuletee hiyo." Halafu akaeleza kwamba mkaza mwanawe alijifungulia kando ya barabara ile ile, boda boda ikiwa imeshindwa kuendelea.

Sikuwa nimedanganya. Kila picha niliyopiga ilitoka kwenye barabara hiyo. Lakini chombo changu kilikuwa kimeondoa kitu kimoja tu, mtikisiko, na mtikisiko ndio uliokuwa malalamiko yao. Nitairudia barabara hiyo baadaye. Iwekeni akilini tunapoongea kuhusu mota na betri.

Sasa, chombo chenyewe. Mshike kuku wa kienyeji kwa mikono miwili, umsogeze mwili kushoto, kulia, umwinamishe mbele. Utaona kichwa chake kinabaki palepale hewani, kama kimefungwa kwa uzi. Gimbali inajaribu kufanya hivyo. Ndani yake kuna vitambuzi vinavyopima mzunguko na mvuto wa dunia mara nyingi kwa kila sekunde, na mota tatu zinazosukuma upande wa pili kila mkono wako unapoyumba. Moja inashughulikia kugeuka kushoto na kulia, ya pili kuinama na kuinuka, ya tatu kulala ubavu. Hizo ndizo "mhimili tatu" mnazoziona zimeandikwa kwenye boksi. Kuna vifaa vya bei nafuu vyenye mhimili mmoja au miwili. Kwa kazi yetu ya kutembea shambani na sokoni, msinunue chini ya mitatu.

Lakini kuku anaishinda gimbali katika jambo moja. Ukimpandisha na kumshusha, bado kichwa chake kinatulia. Gimbali haiwezi. Unapotembea, mwili wako unapanda na kushuka kwa kila hatua, na mota tatu hazina la kufanya juu ya hilo. Ndiyo maana video za wanaoanza huwa zinadunda kama mtu anayetembea na debe kichwani bila kuzoea. Alipotengeneza Steadicam mwaka 1975, Mmarekani Garrett Brown aliweka mkono wenye springi uliofungwa kwenye koti la mpiga picha, na springi hizo ndizo zilizomeza zile hatua. Mwaka uliofuata watu waliona matokeo yake katika filamu ya Rocky, pale bondia anapopanda ngazi mbio mjini Philadelphia. Gimbali za mota zilianza kuenea kwa watengenezaji wa filamu wadogo kuanzia 2013, na DJI ikatoa ya simu mwaka 2016. Zikawa nyepesi, zikaingia mfukoni, lakini springi ikabaki nyuma. Springi sasa ni magoti yako. Kunja magoti kidogo, tanguliza kisigino, weka viwiko karibu na mbavu, tembea kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi lililojaa. Hilo halinunuliwi. Nimeona kijana wa miaka kumi na tisa akifanya vizuri kwa simu ya kawaida kuliko mimi na mzigo wangu wote, kwa sababu alikuwa amebeba maji tangu utotoni.

Kabla ya kununua, pima simu yako. Nasema pima, kwenye mizani. Si kukisia, si kusoma kwenye intaneti. Ipime ikiwa na kava lake, na kama unatumia kipokezi cha maiki kinachochomekwa kwenye tundu la chaji, kipime pamoja nayo. Gimbali ndogo za simu zina kiwango cha uzito zinachobeba. Kwa mfano DJI Osmo Mobile 6 iliyotoka 2022 imeandikwa gramu 170 hadi 290. Simu ya gramu 200, ukiongeza kava nene na kipokezi, unakaribia ukingo huo bila kujua. Ikipita hapo mota zinaanza kutetemeka, zinapata joto, betri inakwisha upesi, na mwisho chombo kinalala kama mbuzi aliyechoka. Tena si uzito pekee, pima upana na unene pia. Kishikio cha gimbali hiyohiyo kinakubali simu yenye upana wa milimita 67 hadi 84 na unene wa milimita 6.9 hadi 10. Wale wenye kava za mpira za kuzuia kuvunjika, hapo mtalazimika kuvua kava.

Kipokezi cha maiki kina tatizo lake. Kikining'inia upande mmoja kinaondoa usawa, na mota inafanya kazi bila kupumzika kuushikilia upande huo. Gimbali nzuri ni ile ambayo simu inakaa sawa hata kabla hujaiwasha. Ukiiwasha na simu imeegemea upande, unailazimisha mota ibebe kosa lako.

Kwa wale wa makao makuu wanaotumia kamera kubwa, hesabu ni ileile ila inauma zaidi. Kamera na lenzi na maiki juu yake hufika kilo moja na nusu bila shida. DJI RS 3 Mini inabeba hadi kilo 2, na yenyewe ina uzito wa karibu gramu 800. Jumlisha. Sasa shika kilo mbili na zaidi mbele ya kifua chako kwa saa mbili za kikao cha maoni ya bajeti. Mkono utatetemeka, na umenunua mashine ya kuondoa mtetemeko ambayo yenyewe inakutetemesha. Usichukue pia namba ya mtengenezaji mpaka mwisho wake. Mimi huacha angalau robo, kwa sababu lenzi ya kesho itakuwa nzito kuliko ya leo.

Hapa wengine hawatapenda ninachosema. Kwa mikutano mingi tunayorekodi, hamhitaji gimbali. Mkutano wa wananchi unahitaji tripodi na maiki. Katiba, katika ibara ya 196, inalitaka bunge la kaunti kurahisisha ushiriki wa umma, na ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Raia akija kuuliza, "Nilisema nini kuhusu kisima chetu, na nilijibiwa nini?" hatanufaika na picha inayoelea hewani kama tai huku maneno yake yamezama kwenye upepo. Nimesikiliza rekodi ambazo nusu ya maswali hayasikiki. Mpiga picha alikuwa akizungukazunguka na gimbali nyuma ya umati, akitafuta picha ya kuvutia, badala ya kusimama karibu na anayeongea. Zaidi ya hayo, maiki ya simu huwa ukingoni mwa simu, na simu ikilazwa kwenye gimbali ukingo huo unaweza kuwa karibu na mota au kufunikwa na kishikio. Ile sauti ya "zzzz" inayosikika kwenye chumba kimya ni hiyo.

Kwa hiyo kama wadi ina pesa za kitu kimoja, nunueni maiki isiyo na waya. Za vitu viwili, ongezeni tripodi. Gimbali ni ya tatu. Najua si jibu mlilolitarajia kwenye mada yenye kichwa hiki.

Jaribuni pia kile ambacho simu tayari inacho. Nyingi zina utulizaji wa ndani, aidha wa lenzi yenyewe kuelea, au wa programu inayokata kingo za picha na kuipanga upya. Huu wa programu hufanya kazi vyema mchana. Jioni, taa zikiwa chache, picha inakuwa na ukungu unaoruka, na kwenye simu za bei ya kati mara nyingi unazimika ukichagua 4K. Weka 1080p, tembea hatua ishirini, itazame kwenye skrini kubwa. Kama inatosha, basi inatosha.

Ni wapi basi gimbali inastahili pesa zake? Nitawapa mfano mmoja ambao naupenda. Mnajua mabwawa ya mchanga tuliyo nayo katika mito ya msimu, hapa kwetu na kwa majirani zetu wa Makueni. Ukuta unajengwa kukata mto, mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanahifadhiwa ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii kwa urahisi. Mgeni akionyeshwa picha ya ukuta na mchanga mkavu, anauliza maji yako wapi. Sasa anza kwenye ukuta, tembea bila kukata, panda mtoni juu ya mchanga, hatua kwa hatua, mpaka ufike kwenye shimo ambako mama anachota kwa kibuyu na kumimina kwenye mtungi wa lita 20. Picha moja, dakika mbili, hakuna mkato. Mtazamaji amehesabu umbali kwa macho yake mwenyewe. Hakuna anayeweza kusema tuliunganisha mto huu na kisima cha kwingine. Picha ya mwendo isiyokatwa ni ushahidi, na hiyo ni kazi ambayo tripodi haiwezi.

Vivyo hivyo ukimfuata mhudumu wa afya ya jamii kutoka boma moja hadi jingine, au ukiingia soko jipya kutoka lango hadi choo. Msisahau choo, hapo ndipo wananchi huangalia kwanza. Na wachezaji wa kilumi pia, ingawa hapo nawaomba mkae mbali na wazee. Kufuata ngoma kwa gimbali ukiwa katikati ya wachezaji ni utovu wa adabu, hata kama picha ni nzuri.

Mkifika dukani, iwe hapa mjini au Luthuli Avenue kule Nairobi, msikubali kuonyeshwa kwa simu ya muuzaji. Weka simu yako mwenyewe, na kava lake. Washa, tembea mpaka mlangoni na kurudi, inamisha ghafla, kisha rekodi sekunde thelathini ukiwa kimya na uisikilize kwa spika ya masikioni. Angalia upeo wa macho kama umelala sawa. Ukiwa umeinama, kuna utaratibu wa kuirekebisha kwa kuiweka mezani ikiwa imetulia. Lakini meza yenyewe iwe sawa. Azima pimamaji kwa fundi. Msiamini macho. Sisi watu wa Machakos tuna Kyamwilu, mahali ambapo mgeni akimwaga maji barabarani anayaona yanapanda mlima, kwa hiyo hatuhitaji kuambiwa mara mbili kwamba macho yanaweza kukosea kuhusu mteremko.

Ulizeni kuhusu programu. Ile kazi ya kamera kumfuata mtu kwa uso mara nyingi inafanya kazi ndani ya programu ya mtengenezaji tu, si kwenye kamera ya kawaida ya simu, na si kila simu ya Android inakubali kila kitu. Baadhi ya gimbali haziwaki kabisa mara ya kwanza mpaka uziunganishe na programu hiyo kwa intaneti. Fanya hivyo ukiwa mjini. Usifungue boksi kwa mara ya kwanza katika wadi ambako mtandao unapatikana juu ya kilima kimoja, mgeni wa heshima akiwa tayari ameshika mkasi wa utepe.

Kampuni hutaja saa sita au nane za betri. Hizo ni saa za chombo kilichosawazishwa, ndani ya chumba kisicho na upepo. Huko Yatta upepo ukivuma, mota zinapigana nao muda wote. Bebeni pawabenki. Na vumbi: nyingi hazijazibwa dhidi ya vumbi wala maji, kwa hiyo mfuko wenye zipu ni sehemu ya bei, si mapambo.

Kuhusu boda boda nina neno. Nawaona mnafunga simu kwenye usukani ili mrekodi safari. Mwaka 2021 Apple yenyewe ilionya kwamba mitetemo mikali ya injini za pikipiki, ikisafiri kupitia usukani, inaweza kuharibu utulizaji wa lenzi katika simu zake. Simu nyingine zenye lenzi inayoelea zina kipande cha aina hiyohiyo. Mkiharibu hicho, hakuna gimbali itakayowarudishia. Abiria ashike mkononi, boda iende taratibu, na kofia ngumu ivaliwe.

Kwa wasimamizi wa wadi mtakaoandika maombi ya ununuzi, tafadhali msiandike jina la chapa mliyoiona YouTube. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 inataka tueleze kazi na vipimo, na pale ambapo hakuna njia nyingine isipokuwa kutaja chapa, tuongeze "au inayolingana nayo". Ibara ya 227 ya Katiba inataka haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama inayofaa. Hii si karatasi ya kuwasumbua. Ukiandika "mhimili mitatu, ibebe simu ya gramu 260, kishikio cha milimita 80, dhamana ya mwaka mmoja, kebo ya USB-C", umejilinda usiletewe kitu ambacho hakiwezi kubeba simu yako. Ukiandika "gimbali, moja", utaletewa gimbali, moja. Risiti ya eTIMS iwekwe kwenye faili, na chombo kiandikwe kwenye daftari la mali siku hiyohiyo. Vyombo vidogo vina miguu mirefu.

Nyinyi vijana mnaonunua kwa pesa zenu, kumbukeni kwamba gimbali inaweza kugharimu kiasi cha simu iliyo mfukoni mwako. Simu mpya yenye utulizaji mzuri wa ndani inaweza kukufaa zaidi. Azima gimbali ya rafiki wiki moja. Ukirudisha na usiikose, hukuihitaji.

Nairudia ile barabara. Sasa niko upande wa serikali, na kishawishi kimekuwa kikubwa zaidi, kwa sababu anayetazama video yangu anafikiri ni ripoti. Nikipiga barabara kwa gimbali kutoka ndani ya gari, nimefanya kazi ya greda ambayo hakuna aliyeifanya. Mkandarasi atafurahi. Bosi anaweza kufurahi. Mama wa kwenye nyasi atajua.

Kwa hiyo katika kazi zangu nimejiwekea utaratibu, na ninauleta kwenu kama pendekezo. Video yoyote ya barabara, daraja au njia ya kwenda zahanati iwe na kipande kimoja kilichopigwa bila gimbali, utulizaji wa simu ukiwa umezimwa, kutoka kwenye chombo wanachopanda watu wa hapo: boda, matatu, au mkokoteni wa punda kama ndio uliopo. Sekunde ishirini zinatosha. Kisha asikike mtu mmoja anayeitumia barabara hiyo kila siku, kwa maneno yake, kwa Kikamba akipenda, nasi tuweke maandishi ya Kiswahili chini. Kama barabara ni nzuri kweli, kipande hicho kitaonyesha hivyo bila msaada wetu, na hapo hata wanaotupinga hawatakuwa na la kusema. Kama si nzuri, mhandisi ataiona ofisini kwake jinsi ilivyo. Andikeni kwenye maelezo ya video: "imepigwa bila kutuliza picha."

Kuna aliyeniuliza wakati wa chai kama hilo halitaleta matatizo. Litaleta, mara moja moja. Mimi limeshanipigisha simu mbili za maelezo. Lakini hakuna aliyesimama tena kwenye mkutano akaniambia nimletee barabara ya ndani ya simu.

Mizani iko kwenye meza ya nyuma, ya duka la sukari, nimeiazima mpaka saa kumi. Pitieni mmoja mmoja, simu na kava lake, muandike gramu kwenye fomu. Kisha tutatoka nje, tutembee kutoka lango hadi kwenye mti ule bila gimbali yoyote, tuone magoti ya nani yanafanya kazi.